X, YouTube, Instagram au WhatsApp: uchague lipi kupinga ubaguzi wa tabaka la kuzaliwa?

Tarehe 31 Januari 1920, Bhimrao Ramji Ambedkar, akiwa na miaka 28, alianzisha gazeti liitwalo Mooknayak mjini Bombay. Magazeti ya wakati ule hayakuwa na nafasi kwa habari za watu waliokatazwa kuteka maji kwenye kisima cha wote na kuingia hekaluni kwa sababu ya nyumba waliyozaliwa, naye akaamua watakuwa na gazeti lao. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 2019, shirika la misaada la Oxfam India na chombo cha habari cha Newslaundry walichunguza nani wanaongoza vyumba vya habari vya India. Kati ya nafasi 121 za uongozi walizozihesabu, 106 zilikuwa mikononi mwa watu wa matabaka ya juu. Hakuna hata moja iliyoshikwa na Mdalit, jina wanalojiita watu wa matabaka yaliyokuwa yakitendewa kama najisi.

Ndiyo maana vita hii imehamia kwenye simu. Sensa ya 2011 ilihesabu zaidi ya watu milioni 201, asilimia 16.6 ya Wahindi wote, katika matabaka ambayo serikali imeyaorodhesha kuwa ndiyo yaliyotendewa kama najisi. Katiba iliyoanza kutumika 1950, ambayo kamati ya kuiandika iliongozwa na Ambedkar huyohuyo, ilifuta unajisi huo katika ibara ya 17. Sheria ya 1989 ikaweka adhabu kwa wanaowatendea ukatili watu wa matabaka hayo. Sheria zipo, na bado habari za bwana harusi wa matabaka hayo aliyepigwa kwa kupanda farasi siku ya harusi yake hazijaisha.

Msomaji ninayemfikiria anaweza kuwa mwanafunzi kutoka Mbeya au Kisumu anayesoma Pune au Hyderabad, ambaye amemsikia mwenzake wa bwenini akiitwa "wa kota", yaani aliyeingia chuoni kwa nafasi zilizotengewa matabaka ya chini, na hajui afanye nini. Anaweza kuwa kijana wa asili ya Kihindi wa Nairobi, Dar es Salaam au Leicester aliyeambiwa nyumbani kwamba rafiki yake fulani ni wa kuja kunywa chai tu, si wa kuoana naye. Ubaguzi huu ulivuka bahari pamoja na mafundi na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kujenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901, na pamoja na wafanyabiashara wa Gujarat. Vyama vya jamii walivyounda, vya Walohana, Wapatel au mafundi wa Kisikh wa Ramgarhia, vimejenga shule na hospitali ambazo Waswahili wengi wamezitumia, na sivishutumu hapa. Lakini swali la nani aoane na nani lilibaki palepale, na waliohamia Uingereza miaka ya 1968 hadi 1972 walilibeba tena.

Ukitaka kusema, useme wapi? Nimechukua majukwaa manne. TikTok nimeiacha kwa sababu India iliipiga marufuku tarehe 29 Juni 2020 pamoja na programu nyingine nyingi za Kichina. Huwezi kufanya kampeni inayogusa India mahali ambapo Wahindi wenyewe hawaingii, ingawa kwa kuwaelimisha Waswahili peke yao inafaa kabisa.

## Vigezo

Usalama. Ujumbe ukisambaa, nani atapata tabu? Wewe uliye Morogoro unaweza kuzima data ukalala. Mwenye mkasa anaishi kijiji kimoja na waliomtenda, wanapita njia moja kwenda sokoni, watoto wao wanasoma shule moja. Mwezi Mei 2015, mjini Shirdi, Maharashtra, mwanafunzi wa uuguzi wa Kidalit aliuawa baada ya mlio wa simu yake, wimbo wa kumsifu Ambedkar, kuwaudhi vijana waliokuwa karibu. Hakuwa ameposti chochote. Kwa hiyo kigezo hiki nakiweka mbele ya vyote, na kitakapogongana na idadi ya watazamaji, watazamaji wasubiri.

Anayefikiwa. Kuna watu wa aina tatu, na hawakai mahali pamoja: wanaobaguliwa wenyewe, wenye uwezo wa kubadilisha jambo (wahariri, mawakili, wabunge, wakuu wa vyuo), na wasiojua kabisa kwamba jambo hili lipo.

Ushahidi. Kesi za namna hii huchukua miaka. Ulichokirusha leo kitapatikana wakili atakapokitafuta baada ya miaka mitatu?

Gharama. Bando, muda, vifaa, na lugha.

Kinga. Kanuni za jukwaa na sheria za nchi. Hapa kwa maandishi majukwaa yanakaribiana: kanuni za Meta, YouTube na X zote zinataja tabaka la kuzaliwa miongoni mwa mambo ambayo mtu haruhusiwi kushambuliwa kwayo. Kazi ipo kwenye utekelezaji. Tusi la kitabaka la Kimarathi au Kitamil halionekani kuwa tusi kwa mtu asiyeijua lugha hiyo, na dhihaka nyingi hupitia mlango wa nyuma, kwa kubeza nafasi zilizotengwa vyuoni na serikalini (asilimia 15 kwa matabaka yaliyoorodheshwa, 7.5 kwa makabila yaliyoorodheshwa). Unapotoa taarifa kuhusu posti ya aina hiyo, andika maana ya neno na mazingira yake. Usibonyeze kitufe tu ukaondoka.

## X

Anayefikiwa. Waandishi wa habari, mawakili, watafiti, wanasiasa. Wakulima wasio na ardhi wa Bihar hutawakuta wengi. Nguvu ya X, zamani Twitter, ni kulifikisha jambo mezani kwa mhariri ambaye asingelitafuta mwenyewe. Rohith Vemula, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Hyderabad, alipojiua tarehe 17 Januari 2016 baada ya kufukuzwa bwenini pamoja na wenzake, barua aliyoiacha ilisomwa nchi nzima kupitia mitandao, na wanafunzi wa vyuo vingi wakaingia barabarani. Kabla ya hapo, vifo vya wanafunzi wa Kidalit vilikuwa vikiandikwa kama msiba wa familia moja.

Usalama. Kati ya manne, hapa ndipo mtu anakuwa wazi zaidi. Yeyote anaweza kukujibu, kukunukuu na kukuletea kundi la watukanaji. Novemba 2018 mkuu wa Twitter wakati huo, Jack Dorsey, alipigwa picha nchini India akiwa ameshika bango lenye maneno ya kupinga mfumo dume wa Kibrahmini, yaani wa tabaka la juu kabisa la Kihindu, na kelele zilizofuata zikaifanya kampuni iombe radhi. Ikiwa mwenye jukwaa alirudi nyuma, mwanafunzi mgeni mwenye viza ya masomo apime mara mbili.

Kuna hatari ya aina nyingine, ambayo wenye nia njema ndio huiletea wengine. Septemba 2020, binti wa Kidalit wa miaka 19 wa wilaya ya Hathras, Uttar Pradesh, alishambuliwa na kusemekana kubakwa, akafariki hospitalini Delhi wiki mbili baadaye, na polisi wakauchoma mwili wake usiku wa manane, familia ikisema haikuridhia. Hasira iliyoenea X ilikuwa ya haki. Lakini jina na picha yake vilisambaa pamoja na hasira hiyo, wakati sheria ya India inakataza kumtambulisha anayesemekana kubakwa, hata akiwa amefariki. Walioposti hawakuwa maadui zake.

Ushahidi. Mfululizo wa posti unaweza kubeba nakala za hati, tarehe na viungo kwa mpangilio mzuri. Udhaifu wake ni kwamba serikali ya India inaweza kuamuru akaunti au posti izuiwe ndani ya nchi kwa kifungu cha 69A cha sheria ya teknolojia ya habari. Twitter ilikwenda mahakamani kupinga baadhi ya amri hizo, na tarehe 30 Juni 2023 Mahakama Kuu ya Karnataka ikaitupa kesi yake na kuitoza rupia milioni 5. Jambo hili linatuhusu sisi tulio nje: posti iliyozuiwa India bado utaiona ukiwa Dar es Salaam, ukaamini inasomwa. Muulize mtu aliye ndani.

Gharama. Bando dogo, muda mwingi. Na bila Kiingereza au Kihindi hufiki mbali.

Linamfaa nani. Mwandishi wa habari, mwanasheria, mtu mwenye hati mkononi na jina ambalo tayari linajulikana. Mwenye mkasa mwenyewe, mara chache, na si peke yake.

## YouTube

Anayefikiwa. Watu wa kawaida, wengi mno, wakiwamo wasiojua kusoma. Kampuni ya simu ya Jio ilipoingia sokoni Septemba 2016, bei ya data India ilianguka, na video ikafika vijijini mahali ambapo gazeti halijawahi kufika. Chaneli ya Dalit Camera ilianza mwaka 2011, ikirekodi hotuba, mikutano, nyimbo na mahojiano ambayo televisheni kubwa hazikuyajali. Mwaka 2021 mwandishi wa habari Meena Kotwal akaanzisha The Mooknayak, chombo cha mtandaoni kilichochukua jina la gazeti lile la 1920. Hawa si watu wanaosemewa. Wanashika kamera wenyewe, na ukiwatazama kwa nusu saa utaelewa mambo ambayo makala kumi za watu wa nje hazikuelezei: nani anakaa kwenye kiti na nani anakaa chini, kikombe kipi kinawekwa kando, mlango upi haupitwi.

Video inaonyesha kazi, na kazi ndiyo kiini cha ubaguzi huu. Kuzoa kinyesi kwa mikono na kuingia kwenye mashimo ya majitaka bila vifaa kumepigwa marufuku kwa sheria ya 1993 na tena ya 2013. Bezwada Wilson na chama cha Safai Karmachari Andolan wameipigania marufuku hiyo kwa miongo, na Wilson alipata tuzo ya Ramon Magsaysay mwaka 2016. Lakini mtu anayesoma neno "usafi" hapati picha. Anayemwona baba wa watoto watatu akishuka shimoni na kamba kiunoni anaipata, na anaelewa pia kwa nini waliomo shimoni ni watu wa tabaka lilelile kizazi baada ya kizazi.

Usalama. Hapa pana ugumu wake. Uso ukifunikwa, sauti inabaki. Sauti ikibadilishwa, ukuta wa nyumba, sari, mti wa mwarobaini nyuma ya msemaji, vyote vinatosha kumtambulisha kwa jirani, na jirani ndiye hatari kuliko mtu wa mbali. Rekodi mahali pasipo pake. Muonyeshe video nzima kabla ya kuiweka, umuulize tena baada ya siku kadhaa, maana ridhaa iliyotolewa siku ya hasira si sawa na ridhaa iliyotolewa baada ya kulala. Upande wa matusi una nafuu: komenti unaweza kuzifunga kabisa, na ningeshauri zifungwe kwa video yoyote yenye mhusika asiye mwanaharakati.

Ushahidi. Lina nguvu kuliko mengine yote. Video hubaki, hutafutika kwa jina la kijiji na mwaka, na maelezo chini yake yanaweza kubeba namba ya kesi. Weka nakala nje ya YouTube pia, kwa sababu amri za kuzuia hufika huku vilevile, na malalamiko ya uongo ya hakimiliki yanaweza kuishusha video kwa siku ambazo ndizo ulizihitaji.

Gharama. Kubwa kwa anayetengeneza: kipaza sauti, muda wa kuhariri, tafsiri. Kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki ni bando. Video ya dakika 40 ni fedha ya mtu, kwa hiyo toa na kipande cha dakika tano.

Kwa wanaotaka kuleta habari hizi kwa Kiswahili, nafasi ipo kubwa. Omba ruhusa kwa wenye chaneli, weka maandishi ya Kiswahili chini ya picha, na uyaandike mwenyewe. Tafsiri ya mashine huharibu majina ya matabaka, na jina likiharibika mtazamaji hapati habari tena.

Linamfaa nani. Mwenye subira, mwenye kikundi, na mwenye watu waliokubali kuonekana. Halimfai mtu mwenye jambo la kusema leo jioni.

## Instagram

Anayefikiwa. Vijana wa mjini na wa ughaibuni, hasa wasiojua. Kama rafiki zako wa Nairobi au Toronto hawajawahi kusikia neno Dalit, watalisikia huku kwanza. Mwezi wa Historia ya Wadalit, unaoadhimishwa kila Aprili tangu 2015, mwezi aliozaliwa Ambedkar, umefaidika sana na mtandao huu: picha ya mtu, tarehe, maelezo mafupi, na kesho mtu mwingine. Wachoraji kama Siddhesh Gautam wamemleta Ambedkar na Savitribai Phule, mwalimu wa karne ya 19 aliyefungulia wasichana shule, kwenye rangi ambazo kijana anazipenda.

Usalama. Wa kati. Akaunti inaweza kufungwa kwa wasiojulikana, na mchoro unaweza kuchukua nafasi ya uso, jambo ambalo YouTube haikupi kwa urahisi. Ila kurasa za vichekesho vinavyobeza nafasi zilizotengwa ni nyingi huku, na kichekesho husafiri haraka kuliko maelezo.

Ushahidi. Dhaifu. Stori hutoweka baada ya saa 24, na posti ya zamani ni kazi kuitafuta. Kinachotoweka kwenye skrini hakitoweki mbele ya sheria, lakini. Mchezaji kriketi Yuvraj Singh alitamka neno la dharau ya kitabaka kwenye mazungumzo ya mubashara ya Instagram mwaka 2020. Alishitakiwa polisi jimboni Haryana, na Oktoba 2021 akakamatwa na kuachiwa kwa dhamana. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Kerala nayo ikasema kwamba tusi la mtandaoni linaweza kuingia chini ya sheria ya 1989 hata kama aliyetukanwa hakuwapo mbele ya mtukanaji.

Gharama. Ndogo, ukiwa na mkono mzuri wa kubuni.

Linamfaa nani. Mwalimu, mchoraji, mwanachama wa chama cha wanafunzi, anayetaka kufundisha polepole. Kwa dharura, hapana.

## WhatsApp

Anayefikiwa. Wanaobaguliwa wenyewe. Wengi wanapozungumzia uhamasishaji mtandaoni huisahau WhatsApp kwa sababu haina wafuasi wa kuhesabu, na naona hilo ni kosa. Tarehe 20 Machi 2018 Mahakama ya Juu ya India ililegeza sheria ya 1989 kwa kuweka masharti kabla ya mtuhumiwa kukamatwa. Tarehe 2 Aprili, chini ya wiki mbili baadaye, mgomo wa nchi nzima ulifanyika bila chama kikubwa cha siasa kuuongoza, na wito wake ulipita zaidi kwenye magrupu ya simu. Watu kadhaa waliuawa siku hiyo. Agosti mwaka huohuo bunge likairudishia sheria makali yake. Sijui kampeni ya hashtagi iliyofika mbali kiasi hicho kwa muda mfupi hivyo.

Ni WhatsApp pia, pamoja na mitandao mingine, iliyosambaza video ya Una, mji wa jimbo la Gujarat. Julai 2016, vijana wanne wa Kidalit wa kijiji cha Mota Samadhiyala, Gujarat, waliokuwa wakichuna ng'ombe aliyekwisha kufa, kazi iliyoachiwa tabaka lao, walivuliwa nguo za juu, wakafungwa kwenye gari na kuchapwa hadharani na watu waliojiita walinzi wa ng'ombe. Video ilirekodiwa na kusambazwa na wachapaji wenyewe, kuwa onyo. Wadalit wa Gujarat wakaigeuza. Huko Surendranagar walimwaga mizoga mbele ya ofisi ya serikali na kukataa kuizika, na mwezi uliofuata mwanaharakati Jignesh Mevani akaongoza maandamano kutoka Ahmedabad hadi Una. Aliyeituma video kwa shangwe na aliyeituma kwa uchungu walituma faili moja. Ndiyo sababu sishauri kusambaza video za vipigo bila kufikiri. Ukiwa na video kama hiyo, ipeleke kwa wakili na chama cha haki za Wadalit, na kwenye magrupu tuma maelezo: wapi, lini, namba ya jalada la polisi, msaada gani unatakiwa. Aliyechapwa ana watoto, na siku moja watakuwa na simu.

Usalama. Una pande mbili. Ujumbe umefungwa njiani, kampuni haiwezi kuusoma. Lakini kila mwanagrupu anaona namba yako, na mtu mmoja akipiga picha ya skrini ulinzi wote umekwisha. Admini awajue watu wake mmoja mmoja. Grupu la watu 40 wanaojuana lina kazi zaidi kuliko la watu 1,000 wasiojuana.

Ushahidi. Faili husafiri bila jina la aliyelirekodi, bila tarehe, bila mahali. Video ya miaka mitano iliyopita hurudi kama ya leo. Mwaka 2018 uvumi wa wezi wa watoto ulisababisha watu kuuawa na makundi katika majimbo kadhaa ya India, na WhatsApp ikapunguza idadi ya watu unaoweza kuwatumia ujumbe kwa mkupuo kuwa watano. Andika tarehe na mahali ndani ya picha yenyewe, si pembeni.

Gharama. Ndogo kuliko zote. Ujumbe wa sauti unamfikia hata asiyesoma.

Kinga. Karibu haipo. Matusi ndani ya grupu hayana mhariri, yana admini tu, na huenda admini ndiye baba yako mkubwa.

Linamfaa nani. Anayetaka watu wachukue hatua pamoja, na anayetaka kubadilisha watu wa nyumbani kwake. Kumfikia mhariri wa Delhi, hapana.

## Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

*Umeona ubaguzi chuoni India, wewe ni mgeni.* Usianze na X. Mwulize mwenzako aliyetendewa anataka nini: huenda anataka shahidi mbele ya kamati ya chuo, si hashtagi. Vyuo vina vitengo vya kushughulikia malalamiko ya wanafunzi wa matabaka yaliyoorodheshwa. Andika ulichokiona, tarehe na saa, uhifadhi. Akiamua kwenda hadharani, akaunti ya chama chake cha wanafunzi itangulie, wewe usukume kwa kusambaza. Viza yako ni hoja halali ya kujizuia, na hakuna atakayekulaumu kwa kusaidia kimyakimya.

*Wewe ni kijana wa familia ya Kihindi Afrika Mashariki au Uingereza.* Grupu la familia la WhatsApp ni muhimu kuliko wafuasi wako wa Instagram. Ila usimjibu shangazi mbele ya watu 60. Mwandikie pembeni, kwa heshima anayostahili, umuulize alisikia wapi kwamba watu fulani si wa kukaa nao meza moja. Kwa nje, Instagram itakupa wenzako wa rika. Kama unataka sheria ibadilike, jua kwamba Uingereza mwaka 2018 iliamua kutoiongeza waziwazi hoja ya tabaka katika sheria yake ya usawa na kuwaachia mahakimu, wakati Seattle iliupiga marufuku ubaguzi huu Februari 2023, jiji la kwanza Marekani kufanya hivyo. Bunge la California nalo lilipitisha muswada wa namna hiyo mwaka huo, gavana Gavin Newsom akaukataa mwezi Oktoba. Ukumbini Seattle watu walisimama na kusimulia yaliyowapata. 

*Unatengeneza maudhui ya Kiswahili.* YouTube, kwa kutafsiri na kuwapa nafasi wenyewe, kisha vipande vifupi Instagram au TikTok kwa watu wa huku. Taja majina ya waliokupa kazi yao mwanzoni mwa video. Na kabla ya kuizungumzia India kama nchi ya mbali, angalia karibu: kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi wa rangi, katika maelekezo yake ya 2002, iliuweka ubaguzi wa tabaka la India ndani ya ubaguzi wa nasaba, ambao upo pia Somalia dhidi ya koo zinazodharauliwa za Wamadhiban na Watumal, na dhidi ya Wasomali wenye asili ya Kibantu. Baadhi ya hao wa mwisho ni Wazigua, ambao waliokimbia vita walipokelewa Handeni, makazi ya Chogo, na wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Wazee wao wanaweza kusimulia kwa Kiswahili, bila mkalimani.

*Una video ya ukatili na hujui ufanye nini.* Usiitume popote bado. Weka nakala mbili, andika ulivyoipata na saa, mtafute mwanasheria au chama cha haki za Wadalit cha jimbo husika. Baada ya hapo ndipo uamue jukwaa, nao wakiwa wameshauri.

*Wewe ndiye uliyebaguliwa, na unataka kusema.* Anza na grupu dogo la watu unaowaamini, wasome unachotaka kuandika. Mmoja ashike nenosiri la akaunti yako na asome komenti kwa niaba yako wiki ya kwanza. Kama kuna shauri la kisheria, wakili aone kwanza, kwa sababu upande wa pili utayasoma maneno yako mahakamani. Ukiona ni salama zaidi kusimulia bila uso, mchoraji au mwandishi wa jamii yako anaweza kuubeba mkasa wako. Na ukiamua kutosema mtandaoni kabisa, polisi, kamati na mahakama bado zinapaswa kukusikiliza bila hashtagi yoyote.